Shahidi wa Ukuta

Jumatatu, Machi 4

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza tena. Hii ni mara ya tatu maishani kupewa meza iliyo karibu na choo. Ya kwanza ilikuwa kampuni ya ujenzi, nilipotoka chuoni na kofia yangu ngumu. Ya pili ilikuwa benki. Leo ni ofisi ya mawakili, ghorofa ya pili juu ya duka la viatu, na nina umri wa miaka thelathini na minane. Mwanagenzi mwenzangu ana ishirini na minne. Sauti yake inafika hadi kwa muuza viatu, ndiyo maana humu wanamwita Kengele. Kaniamkia "shikamoo" nikajiona nimezeeka palepale.

Bosi wetu anaitwa Pasi, ila si mbele yake. Suruali yake ina mkunjo unaoweza kukata mkate. Ameniuliza swali moja tu: "Mhandisi, halafu benki, halafu huku. Unakimbia nini?"

"Sikimbii, mzee. Nafuata."

"Haya," akasema, akarudi kwenye faili lake. Simpendi.

Jumatano, Machi 6

Nimesoma mikataba ya pango kutwa. Mvua.

Ijumaa, Machi 8

Mama, ambaye naishi naye, ameulizwa na jirani kazi ninayofanya siku hizi. Kamjibu kuwa bado nasoma. "Ningesema nini?" akaniuliza huku akichambua mchele. "Zamani nilikuwa nasema mwanangu mhandisi, watu wanakaa vizuri kwenye kiti. Halafu nikasema mwanangu yuko benki, wakaanza kunisalimia mara mbili. Sasa hivi niseme nini? Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika tatu."

Nilitaka kumjibu vibaya, nikaona bora niandike. Kwenye ujenzi nilikuwa naandika ripoti: nguzo hii iongezewe chuma. Mkutanoni mtu wa fedha anatikisa kichwa, na chuma hakiongezwi. Nikaona neno la mwisho liko kwa wenye fedha, nikaenda kukaa upande ule wa meza, nikipima hatari ya mikopo ya majengo. Huko nako, kila tulipofika pagumu, mkubwa wetu aligeuka kumtazama mwanamke mmoja aliyekaa pembeni na mkataba mapajani. Akisema "hairuhusiwi," basi imekwisha, tunafunga makabrasha. Alikuwa wakili. Mwezi uliofuata nikajiandikisha kusoma sheria jioni.

Kwa hiyo sijatangatanga. Nimekuwa nikimfuata mwenye neno la mwisho, na kila nikifika naambiwa kahamia mlango wa pili.

Jumatatu, Machi 11

Nimepata kesi!

Amekuja mama mmoja fundi cherehani, wa miaka hamsini na kitu, tepu ya kupimia shingoni na nyuzi za bluu begani. Anashona sare za shule. Anaishi na wajukuu wawili, na chumba chake cha kushonea kimeegemea mpaka wa kiwanja cha jirani. Jirani anajenga ghorofa. Wamechimba shimo la msingi hadi unyayoni mwa ukuta wake, na ukuta umeanza kupasuka.

"Nataka mahakama iwaambie waache kuchimba," akasema. "Na jambo moja mlielewe mapema, wanangu. Mimi siondoki. Pale ndipo kazi yangu, pale ndipo kitanda changu. Walishanitumia mtu kuniambia nihame kidogo. Ukihama kidogo kwa watu kama wale, umehama kabisa."

Pasi alimsikiliza mpaka mwisho bila kuandika neno. Kisha akanionyesha kwa kidevu. "Ya ukuta apewe mtu wa kuta. Utasimama mwenyewe mbele ya hakimu. Mimi nitakaa nyuma yako kama wakili msimamizi."

Kengele alinipigia makofi chini ya meza. Nikaona aibu jinsi nilivyofurahi.

Jumanne, Machi 12

Nimekwenda kwa Fundi. Shimo lina kina cha watu wawili, mmoja kasimama mabegani mwa mwenzake, kuta zake ni udongo mtupu, hakuna ubao wala chuma cha kuzizuia, na chini kuna maji ya mvua yenye rangi ya chai ya maziwa. Mhandisi aliyeruhusu shimo lile ama hajafika pale, ama amefika akafumba macho.

Ndani, ufa unaanzia kona ya dirisha unashuka hadi nyuma ya cherehani. Fundi alikuwa ameshakoroga saruji ya kuuziba. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akaniambia, kama vile mimi ndiye niliyehitaji kukumbushwa.

"Huu usiuzibe, mama. Ukiuziba tutakuwa tumeuficha."

Nilichofanya ni hiki. Nilikata kioo vipande vitatu virefu kama kidole, nikavigandisha kwa plasta ya ukuta juu ya ufa, kila kimoja kikishika upande huu na upande ule. Kioo hakivutiki. Ukuta ukisogea kidogo tu, hata kwa unene wa kucha, kioo kinapasuka. Ni njia ya kizamani na haidanganyi. Nikaandika tarehe juu ya kila kimoja, nikapiga picha. Mikono ilijaa plasta, magoti yalijaa matope, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa na raha namna ile kazini. Fundi alinipa maji ya kunawa akasema, "Wakili gani huyu."

Ijumaa, Machi 15

Maombi ya zuio yamewasilishwa. Pasi kafuta aya nne kati ya tisa nilizoandika. Zilikuwa nzuri sana, zile nne.

Jumanne, Machi 19

Fundi amepiga simu. Kioo cha kati kimepasuka. Nilisema "safi!" kwa sauti, halafu nikakumbuka kuwa wajukuu wake wanalala nyuma ya ukuta huo.

Ijumaa, Machi 22

Cha chini nacho. Upande wa pili wamejibu: mhandisi wao anasema ufa ni wa zamani kama nyumba yenyewe. Nimecheka peke yangu. Vioo vyangu vina tarehe.

Jumapili, Machi 24

Mama anasema atakuja kuniona mahakamani, si safari hii, ya pili, nikishazoea. Hata hivyo kaninyooshea koti langu jeusi mwenyewe. Kalinyoosha mara mbili.

Jumatano, Machi 27

Sina hamu ya kuandika lakini nisipoandika leo nitajidanganya kesho.

Nilianza vizuri. Hakimu ni mwanamke mwenye mvi, husikiliza akiwa ameegemeza shavu kwenye ngumi, na nilimwona akiinua kichwa nilipofika kwenye vioo. Nikamwita Fundi kizimbani. Akaeleza shimo, mvua, na vumbi linalodondoka juu ya vitambaa. Nikakaa nimeshiba.

Ndipo akainuka wakili wao. Ni mtu mpole, ana tabia ya kuvua miwani na kuifuta kila anapokaribia kukuuma. Nitamwita Miwani.

"Mama, hivi vioo vilibandikwa na fundi ujenzi?"

"Hapana."

"Mhandisi aliyetumwa na mahakama?"

"Hapana, baba."

"Alivibandika nani, basi?"

Na Fundi, Mungu ambariki, akanyoosha mkono wote, akanionyesha mimi. "Si huyu hapa, wakili wangu! Kwa mikono yake. Alichafuka huyo!"

Watu walicheka. Hakimu hakucheka. Miwani akavaa miwani yake taratibu, akaomba mahakama izingatie kwamba wakili wa mwombaji ndiye shahidi pekee wa ushahidi wake mkuu, na kwamba mtu hawezi kutetea kesi huku yeye mwenyewe ni shahidi ndani yake. Alisema kwa huzuni, kana kwamba limemuuma kuliko lilivyoniuma mimi.

Jambo hilo nililisoma. Nililijibu kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Lakini siku ile nilipokuwa nimepiga magoti mbele ya ufa, hakuna wakili aliyekuwepo chumbani mle. Alikuwepo mhandisi, na mhandisi akiona ufa hupima, hangoji kutuma mtu. Kengele, ambaye hajawahi kushika mwiko wa saruji, angetuma mtu. Mtu yeyote asiyejua kubandika kioo angekuwa salama. Nimeharibu kesi kwa kitu ninachokijua.

Hakimu ametupa wiki moja tuamue: niwe wakili, au niwe shahidi.

Alhamisi, Machi 28

Nilikwenda kwa Pasi nikiwa tayari kutukanwa. Alikuwa amevua koti, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Ulikwenda pale na plasta, hukuniambia."

"Hukuniuliza, mzee."

"Sikukuuliza. Kosa ni letu wawili. Ila kiti ni chako, uamuzi ni wako." Akanieleza bila kupamba. Nikibaki wakili, vioo vinaondoka, kwa sababu hakuna mwingine wa kuvisemea. Mhandisi mwingine anaweza kuja leo akaona ufa, lakini hawezi kuapa ulivyokuwa siku ile. Bila vioo tumebaki na neno la Fundi dhidi ya neno la mhandisi wao. Nikiwa shahidi, natoka kwenye kesi moja kwa moja. Nisiguse faili, nisikae meza ile.

"Nani ataiendesha?"

"Kengele."

Nilisema naelewa. Nikashuka nikasimama chini ya kibaraza cha duka la viatu, mvua ikinyesha, nikiwaza kwamba hiki ndicho alichokitaka tangu siku ya kwanza. Kanipa kesi ili nijikwae mbele za watu, halafu kaipeleka kwa mtoto wa jana. Nilimwaza vibaya Kengele pia, ambaye hajanikosea kitu. Nina wivu, na si mdogo. Miaka yote hii ya kusoma nikitoka kazini nilitaka kitu kimoja, kusimama na kusikilizwa. Nimesimama nusu saa.

Lakini kila nikifunga macho naona maji yale ya chini ya shimo. Nikapanda tena ngazi nikamwambia Pasi nitakuwa shahidi. Akasema, "Haya."

Jumamosi, Machi 30

Siruhusiwi kugusa faili, lakini shahidi anaruhusiwa kuulizwa alichokiona. Kengele kaniketisha kwenye kiti cha wateja, akaanza.

"Dada, unajibu kama ripoti. Hakimu atalala. Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu hanisikilizi."

"Basi ndiyo zoezi zuri."

Alinirudisha mara chungu nzima. Na niliona kitu ambacho sikukitarajia: siku hizi mbili amesoma habari za udongo. Anajua udongo ukilowa unapoteza nini. Aliniuliza swali moja kuhusu msingi wa nyumba ya Fundi ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia angefaa kuwa mhandisi. "Weee," akasema, "mimi nachagua moja, nisiwe kama wewe." Tukacheka mpaka muuza viatu akagonga dari yake kwa fimbo.

Jumanne, Aprili 2

Mvua imenyesha bila kupumzika. Kioo cha juu bado kizima.

Alhamisi, Aprili 4

Mama kachagua kuja leo. Nilipomwona kwenye benchi la nyuma amevaa nguo ya harusini moyo ulinishuka, kwa sababu sikuwa nimemwambia kuwa nimetolewa kwenye meza ya mawakili. Aliniona nikiingia kizimbani badala ya kukaa mbele, akamshika mkono mtu asiyemjua akamuuliza jambo. Nadhani alimuuliza nimeshtakiwa nini.

Karani akauliza jina na kazi. Jina nililitoa haraka. Kwenye kazi nilikwama.

"Mwanagenzi wa sheria," nikasema. "Nina leseni ya uhandisi."

Kengele aliniongoza vizuri. Sauti ile tunayoilalamikia ofisini ilijaza chumba, kila neno likakaa mahali pake. Kisha Miwani akainuka, akaanza kufuta.

"Uhandisi uliuacha. Benki uliiacha. Sheria utaiacha lini, dada?"

Kicheko. Kengele akapinga, hakimu akamwacha Miwani aendelee. Nilikasirika, na hasira ilinisaidia. "Ukuta haujali nimeajiriwa wapi," nikasema. "Ulipasua kioo bila kuniuliza."

Akatabasamu, akaacha kufuta. "Vizuri. Basi tuambie kama mhandisi, chini ya kiapo. Huu ukuta utaanguka?"

Nilimtazama Fundi. Alikuwa ameshika tepu yake kwa mikono miwili. Neno moja tu alilitaka kwangu, na ni neno fupi. Nikilisema, tumeshinda. Ila benki nilifundishwa kwamba hatari si ahadi, na kwenye ujenzi nilifundishwa kusaini ninachokijua tu.

"Siwezi kusema utaanguka. Najua unasogea. Sijui utaishia wapi."

Miwani akakaa, ameridhika. Kengele akainamia makaratasi yake. Hakimu, ambaye alikuwa bado ameegemea ngumi, akasema polepole:

"Mimi nina swali. Wewe ungelala mle ndani?"

Nilijua palepale swali hilo lina miguu miwili. Nikisema ndiyo, ameshinda mwenye shimo. Nikisema hapana, hakimu atauliza kwa nini basi Fundi alale. Pasi alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuna aliyeweza kunisaidia.

"Hapana, Mheshimiwa. Na nisingewaacha watoto walale."

Ijumaa, Aprili 5

Amri imetoka. Uchimbaji usimame mara moja. Shimo lidhibitiwe kwa chuma na mbao, chini ya mhandisi wa mahakama, kwa gharama ya mwenye ghorofa. Na wakazi wote wa nyumba ya mwombaji waondoke hadi mhandisi huyo aseme ni salama.

Tumeshinda. Kengele kashinda kesi yake ya kwanza na hakuthubutu kutabasamu, kwa sababu Fundi alikuwa amesimama kati yetu kwenye korido.

"Nilikuja kwenu nisitolewe nyumbani," akasema. Hakupaza sauti. "Mmenitoa nyinyi. Huu ndio msimu wa sare, wazazi wanaleta vitambaa kila siku. Nitashonea wapi?"

Nikaanza kusema habari za wajukuu.

"Usinitajie wajukuu wangu. Wale wa shimo wangenitoa kwa bahati mbaya. Wewe umenitoa kwa makusudi."

Nyumbani Mama alipakua chakula, tukala. Kisha: "Jirani kaniuliza tena kuhusu kazi yako. Nimemwambia mwanangu ni mtu anayesema kweli akiulizwa." Akafuta meza. "Kasema hiyo si kazi."

Nilicheka, halafu nikalia. Mama akaniacha nilie, akaenda kuosha sahani ingawa haikuwa zamu yake.

Jumamosi, Aprili 6

Nimekwenda kusaidia kuhamisha. Fundi anakwenda kwa mdogo wake, upande wa pili wa mji, ambako wateja wake hawatafika. Aliniacha nibebe magodoro na ndoo. Cherehani alinikataza kuigusa.

Jumanne, Aprili 16

Mvua kubwa kuliko zote. Ukuta umesimama.

Jumapili, Aprili 21

Umesimama.

Niandike ukweli wote: kuna siku natamani uanguke. Mchana, chumba kikiwa kitupu, asiumie hata paka. Uanguke tu, Fundi aone. Ni fikra mbaya kuitakia nyumba ya mtu ianguke, na bado inanijia kila ninaposikia ngurumo.

Alhamisi, Aprili 25

Pasi kanikuta nimebaki ofisini na chai iliyopoa. Akavuta kiti, jambo lingine ambalo sijawahi kuliona.

"Siku ya kwanza ulisema unafuata. Unafuata nini?"

Nikamwambia, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kujificha. Mtu wa fedha, yule mwanamke wa mkataba, neno la mwisho, yote.

Hakunicheka. "Nimekaa humu miaka thelathini nikilitafuta. Hakimu anafikiri analo, halafu anakatiwa rufaa. Wa rufaa nao wanabadilishiwa sheria. Neno la mwisho hakuna, kuna zamu tu. Yako ilikuja, ukajibu." Akainuka, akanyoosha suruali ambayo haikuwa na kasoro. "Kesi ile nilikupa kwa sababu mimi ningeshindwa kuona shimo. Ulidhani nini?"

Sikumwambia nilichodhani.

Jumamosi, Mei 11

Mhandisi wa mahakama amesaini. Shimo limefungwa vyuma, Fundi ameruhusiwa kurudi. Mvua imebaki ya manyunyu.

Jumamosi, Mei 18

Nimekwenda kwa Fundi. Hakuna aliyenituma, na njiani nilitaka kurudi mara mbili. Nilimkuta kwenye cherehani, amekwishauziba ufa na kupaka rangi. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alimaliza kushona mfuko mmoja, akakata uzi kwa meno.

"Umeuona ukuta?"

"Nimeuona, mama."

"Umesimama mvua yote bila mimi. Nimepoteza msimu mzima. Wateja wengine wamekwenda kwa wengine na hawarudi. Ulinitoa bure."

"Labda."

"Si labda. Umesimama. Sema basi kwamba ulikosea."

Ingekuwa rahisi. Ni mama mtu mzima, ameumia, na kesi imekwisha. Neno lile lisingemgharimu mtu yeyote kitu.

"Siwezi, mama. Pole ninakupa, na naitoa moyoni. Lakini ungeniuliza leo, na mvua ile, na shimo lile, ningejibu vilevile."

"Hata kunifurahisha tu?"

"Hata kukufurahisha."

Alinitazama kama anayepima bega kabla ya kukata kitambaa. Kisha akaivuta droo ya cherehani, akatoa bahasha iliyokunjwa.

"Mdogo wangu, yule aliyenipokea, anaachishwa kazi kiwandani. Wanasema aliiharibu mashine. Yeye anasema hakuiharibu. Mimi sijui, sikuwepo. Wakili mmoja kamwambia wazi atashinda. Mwingine naye hivyohivyo." Akaisukuma bahasha mezani. "Nataka atakayemwambia ukweli hata kama anaumia. Na wewe ni mhandisi, mashine unazijua. Usifikiri nimekusamehe."

"Sijafikiri hivyo, mama."

"Basi kaa. Chai sikupi."

Nikavuta kigoda, nikaketi.